Niliomba risiti za sare, nikaambiwa nina kiburi

SWALI

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mhasibu kwa kazi, na nimeimba kwaya ya usharika wetu tangu nikiwa sekondari. Mwaka huu tulichangishana sare mpya, kila mwanakwaya shilingi 60,000, na tuko 34. Sare zilipokuja, kitambaa kilikuwa chepesi kuliko kile tulichoonyeshwa. Kwenye kikao nikaomba risiti za duka na za fundi zisomwe. Mwenyekiti wetu, mzee wa kanisa ambaye ndiye aliyenifundisha kipaimara, akasimama akasema: 'Binti, elimu imekupanda kichwani. Neno linasema vijana watiini wazee. Jifunze kunyenyekea.' Watu wote kimya. Tangu siku hiyo nimeacha kuanzisha nyimbo, nimehamia mstari wa nyuma, na mtu akinisifu namwambia mimi sijui chochote. Kinachonitesa ni kwamba huenda ana haki. Nilipokuwa nauliza nilisikia raha fulani jinsi watu walivyonitazama. Na mzee huyo anaposoma taarifa ya fedha kwa kukwama-kwama, moyoni huwa namcheka. Usiku nashtuka saa nane, usingizi haurudi, nayawaza yale maneno. Je, nina kiburi? Na kama nataka kuwa mnyenyekevu, ndiyo ninyamaze?"

JIBU

Amina, dada yangu. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa fundo moja, na nadhani ndiyo maana hayakuachii ulale. La kwanza: je, ulikosa kuomba risiti? La pili linahusu ile raha ya kutazamwa na kile kicheko cha moyoni. Mwenyekiti aliyajibu yote kwa neno moja, kiburi, nawe ukalibeba lote kama lilivyo. Mimi nitayajibu mbalimbali. Kuomba risiti hukukosa. Kwenye lile la pili lipo la kutubu, wala si dogo. Ila ulichofanya, kunyamaza na kuhamia mstari wa nyuma, kimeondoa lililokuwa jema na kuliacha baya pale pale lilipo.

Tuanze na fedha. Watu 34 kwa shilingi 60,000 ni shilingi 2,040,000. Fedha hizo si za mwenyekiti, wala si zako. Ni za mama aliyezitoa kidogo kidogo kutoka kwenye biashara ya mboga, na za kijana ambaye labda alikopa ili asionekane amebaki nyuma. Paulo alipochangisha makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuwaambia watu wamwamini kwa kuwa yeye ni mtume. Aliwaagiza Wakorintho wachague wenyewe watu wa kuzipeleka fedha zao (1 Wakorintho 16:3). Akakubali kusafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na sababu yake akaitaja waziwazi: kuangalia yaliyo mema, "si mbele za Bwana tu, ila na mbele za wanadamu" (2 Wakorintho 8:21). Kama Paulo aliona haja ya mashahidi katika fedha za kanisa, mwenyekiti wa kwaya hapungukiwi hadhi akiombwa karatasi ya duka.

Huenda utaletewa andiko jingine, maana wanaolijua hulitumia sana kwenye vikao vya fedha. Katika 2 Wafalme 12 mfalme Yoashi anakarabati hekalu, na mstari wa 15 unasema hawakufanya hesabu na wale waliokabidhiwa fedha za mafundi, maana walitenda kwa uaminifu. Ukiusoma mstari huo peke yake utadhani kuuliza ni dhambi. Rudi nyuma kidogo. Sura ileile inasema kwamba mpaka mwaka wa 23 wa Yoashi makuhani walikuwa hawajatengeneza mabomoko ya nyumba, ingawa fedha walikuwa wakizipokea. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Kasha likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wakazihesabu fedha pamoja. Uaminifu unaosifiwa kwenye mstari wa 15 ulikaa ndani ya utaratibu huo wa watu wawili, kutoka ofisi mbili tofauti, wanaohesabu wakitazamana.

Sasa lile andiko ulilopigwa nalo. Ni 1 Petro 5:5, na ni Neno la Mungu; silipunguzi. Lakini Petro hakuanza na vijana. Sura inaanza na wazee, akiwaagiza walichunge kundi, "si kwa kutaka fedha ya aibu, bali kwa moyo", wala si "kama wajifanyao mabwana juu ya mitaa yao". Akishamaliza nao ndipo anawageukia vijana, na katika mstari uleule anaendelea: "Naam, ninyi nyote jifungeni unyenyekevu, mpate kuhudumiana." Ninyi nyote. Aliyekusomea alikomea katikati ya mstari. Unyenyekevu wa Petro una mzee ndani yake na kijana ndani yake, na mzee ndiye anayetajwa kwanza.

Simhukumu mzee huyo. Sijasikia upande wake, na kitambaa chepesi si ushahidi wa wizi. Bei hupanda kati ya siku ya kuonyeshwa sampuli na siku ya kununua, na mafundi nao wana yao. Inawezekana alilisikia swali lako kama anaitwa mwizi mbele ya watoto aliowafundisha kipaimara, akajikinga kwa andiko lililokuwa karibu. Mtu mzima kuaibishwa hadharani ni jambo zito kwetu, nawe umelelewa hapa hapa, unalijua. Hukuniambia kama ulimfuata kwanza pembeni kabla ya kikao. Kama hukumfuata, hilo lingekuwa adabu nzuri zaidi. Halikuwa sharti, kwa sababu fedha za kikundi huulizwa kwenye kikao cha kikundi, ila lingempa nafasi ya kuzitafuta karatasi zake na kusimama mbele yenu akiwa amejiandaa.

Unyenyekevu wenyewe ni nini basi? Wengi makanisani mwetu wamekua wakiambiwa kwamba mnyenyekevu ni mtu wa sauti ndogo, asiyepinga, anayekaa nyuma, anayekataa sifa. Hizo ni tabia tu. Mtu huweza kuzaliwa nazo, na mwingine akajivisha. Mimi huwapeleka watu Yohana 13, usiku wa kuosha miguu. Mwinjilisti anatanguliza jambo ambalo tukisoma kwa haraka tunaliruka: Yesu, "hali akijua ya kuwa Baba amempa vyote mikononi mwake", ndipo akaondoka chakulani, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji katika bakuli. Alijua alicho nacho. Na alipomaliza hakusema yeye si kitu. Alisema: "Ninyi mwaniita, Mwalimu, na, Bwana, nanyi mwanena vema, maana ndivyo nilivyo." Kisha akawaambia waoshane miguu wao kwa wao. Ukuu wake aliukiri kwa kinywa chake, akautumia wote kwa ajili ya miguu ya wenzake, na miguu ya Yuda ilikuwemo.

Saa chache baadaye alisimama mbele ya kuhani mkuu Anasi. Mmoja wa watumishi akampiga kofi, akidai kwamba amemjibu kuhani bila heshima. Angalia alivyojibu: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Huyu ndiye aliyesema "mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo". Aliambiwa amekosa adabu kwa mkubwa, naye akaomba ushahidi. Hakutukana, hakurudisha kofi, na hakunyamaza.

Kiburi nacho hakipimwi kwa sauti. Augustino, mwana wa Afrika Kaskazini aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikieleza kuwa ni tamaa ya ukuu uliopotoka: nafsi inamwacha Yule iliyepaswa kumtegemea, inajifanya kuwa tegemeo lake yenyewe. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye Martin Luther, akifundisha Waraka kwa Warumi mwaka 1515 na 1516, alisema mwanadamu amejipinda kuielekea nafsi yake, hata zawadi za Mungu anazikunja zimwelekee yeye. Kwa hiyo kiburi kinaweza kukaa popote penye nafsi. Kinakaa kwa anayepaza sauti kikaoni, na kinakaa kwa aliye mstari wa nyuma akisikilizia nani ametambua kwamba amehamia mstari wa nyuma. Augustino aliwaonya watawa wake kwamba dhambi nyingine hufanya kazi katika matendo mabaya, lakini kiburi huyavizia hata matendo mema ili kiyaharibu. Ndiyo maana mtu hawezi kukikimbia kwa kuacha kutenda mema.

Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza kanisa la Roma kuanzia mwaka 590 hadi 604, alitaja aina nne za kiburi, nami nazipenda kwa sababu zinashikika. Mtu anadhani wema alio nao umetoka kwake. Au anakiri umetoka kwa Mungu, lakini anaona alipewa kwa kuwa alistahili. Au anajisifia asicho nacho. Au anawadharau wengine, akitaka aonekane ni yeye peke yake mwenye alicho nacho. Sasa chukua lile swali lako la risiti ulipime kwa hizo nne. Sioni linapoingia. Kisha chukua kile kicheko. Kinaingia kwenye ya nne bila kusukumwa.

Nitarudi kwenye kicheko. Kwanza ile raha ya kutazamwa, ambayo ni jambo la karibu na kiburi lakini si kiburi chenyewe. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyefia jangwani Misri mwaka 399, aliorodhesha mawazo manane yanayomwandama mtu wa sala, na majivuno akayatenga na kiburi. Majivuno yanataka macho ya watu, kiburi kimeshajitosheleza. Na majivuno, alivyoyaona yeye, huota juu ya mema. Huwezi kujivuna kwa kuimba vizuri kama huimbi vizuri. Yohane Kasiano, aliyejifunza kwa watawa hao wa Misri na kuandika mafundisho yao mwanzoni mwa karne ya 5, anasema wazee waliyafananisha majivuno na kitunguu: ukimenya ganda moja unakuta jingine. Ukiacha kuanzisha nyimbo ili usisifiwe, utakuta raha ya kuwa yule aliyeacha. Ukiikataa na hiyo, utakuta raha ya kuikataa. Hakuna mwisho wa kumenya.

Kwa hiyo usingoje moyo usafike ndipo utende haki. Utangoja mpaka uzeeni. Katika Mathayo 6 Yesu anakataza kutoa sadaka ili kutazamwa, lakini katika mistari yote ile hasemi popote watu waache kutoa. Ile raha iliyokupitia kikaoni haikuligeuza swali lako kuwa baya. Mwambie Mungu, "Bwana, nilifurahi kutazamwa, unisamehe," kwa maneno machache kama hayo, kisha uendelee na kazi. Raha ya namna hiyo ikinyimwa muda wa kuchunguzwa hufifia yenyewe.

Kicheko ndicho kinachotaka muda. Luka anapoutanguliza mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, anasema Yesu aliwaambia "watu waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki, wakiwadharau wengine wote" (Luka 18:9). Mambo mawili yanatembea pamoja, kujikinai na kudharau, na mara nyingi la pili ndilo linaloonekana kwanza. Farisayo yule hakusema uongo. Alifunga mara mbili kwa juma kweli, alitoa zaka kweli. Hata shukrani alimpelekea Mungu. Kosa lake liko pale anapogeuza shingo, katikati ya sala, kumwangalia mwenzake: "wala kama huyu mtoza ushuru".

Hebu tumtazame mzee wako kwa ukaribu. Ameshika karatasi mbali na uso, mkono umenyooka, anautafuta mstari. Anasema "mia nne... elfu mia nne", anarudi mwanzo, anafuta jasho. Mkono ule ulionyooka unanifanya nifikirie macho kabla ya kufikiria elimu. Watu wengi wa umri wake wanahitaji miwani ya kusomea na hawana. Wewe unayefunga hesabu za mwezi kwenye kompyuta umeshaimaliza taarifa nzima kabla hajafika nusu ya ukurasa. Hapo ndipo kicheko kinapoinuka. Kinachotokea ni kwamba kitu ulichopewa umekigeuza kipimo, na mzee amepimwa akaonekana mfupi. Paulo anawauliza Wakorintho, ambao nao walipenda kupimana kwa ujuzi: "Nawe una nini usichokipokea?" (1 Wakorintho 4:7). Ada yako alilipa mtu. Hesabu alikufundisha mtu. Macho yanayosoma maandishi madogo hukuyatengeneza wewe. Na Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha mafundisho ya kipaimara, uliikariri mbele ya nani? Ni huyu huyu aliyekusikiliza amri baada ya amri, na kila baada ya amri akakuuliza maana yake nini. Maelezo ya amri ya nane ulimwambia yeye: tusimsingizie jirani wala kumharibia jina, bali tumtetee, tumseme vema, na mambo yake yote tuyachukue kwa upande ulio mwema.

Amri hiyo inakudai wewe juu yake. Inamdai naye juu yako, maana na yeye angeweza kulichukua swali lako kwa upande mwema. Lakini barua umeniandikia wewe.

Usiende kumwambia kwamba huwa unamcheka. Najua wapo watakaokushauri ukaungame kwake kila kitu, hasa kama umelelewa kati ya watu wa uamsho, nami nawaheshimu sana. Lakini kumwambia mzee "nimekuwa nikicheka usomaji wako" kungekupunguzia wewe mzigo na kumtwisha yeye. Hilo liungame kwa Mungu, na kwa mchungaji wako au mtu mmoja mzima kiroho anayejua kutunza siri. Kwa mzee mwenyewe peleka kitu kingine: mwombee kwa jina lake kila siku, halafu mfanyie huduma inayogusa mahali pale pale ulipokuwa unamcheka. Jitolee kumwandalia taarifa ya fedha, uichape kwa herufi kubwa, safu mbili, mapato na matumizi, jumla chini. Mpelekee nyumbani siku mbili kabla ya kikao aipitie kwa utulivu. Ni vigumu sana kuendelea kumdharau mtu unayejitahidi asikwame.

Kuhusu "mimi sijui chochote": dada, hilo si kweli, na kusema uongo hakujawahi kumfanya mtu awe mnyenyekevu. Mtume Paulo anakiri kwamba hastahili hata kuitwa mtume, na mstari unaofuata anasema alizidi kufanya kazi kuliko mitume wote, "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami" (1 Wakorintho 15:10). Mariamu anasema Mungu ameutazama unyonge wake, na katika pumzi ileile anasema vizazi vyote vitamwita mbarikiwa. Wote wawili wanalitaja jambo kubwa kwa ukubwa wake, na wanamtaja aliyelitoa. Tomaso wa Akwino, mwanatheolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba unyenyekevu na ukuu wa moyo haviko vitani. Mmoja unamzuia mtu asijipandishe kupita kiasi, mwingine unamzuia asikate tamaa ya mambo makubwa anayoyaweza kwa msaada wa Mungu. Kujifanya mdogo kuliko karama uliyopewa aliita dhambi, na mfano alioutoa ni yule mtumwa aliyeifukia talanta ya bwana wake ardhini. Mtumwa yule alisema aliogopa. Bwana wake hakuuita woga ule unyenyekevu.

Kwa hiyo mtu akikusifu kwa uimbaji, mwambie "asante, namshukuru Mungu," kisha muulize habari za nyumbani kwake. Yatosha. Sifa hukua kadiri tunavyoizungumza, hata tunapoizungumza kwa kuikataa.

Sasa swali lako la mwisho: kunyamaza. Upo ukimya wa kimungu. Miriamu na Haruni walipomsema Musa, maandiko yanamtaja kuwa mpole kuliko wanadamu wote, naye hakujitetea kwa neno (Hesabu 12). Yesu hakumjibu Herode hata moja. Lakini Musa huyo huyo alisimama mbele ya Farao akidai watu waachiwe, na mbele ya ndama ya dhahabu hakuwa mpole kabisa. Kipimo ninachokitumia mimi ni kuuliza ni haki ya nani iliyo mezani. Ikiwa ni heshima yangu peke yangu, mara nyingi naweza kuiacha ipite, na huo unakuwa mwanya mzuri wa kujifunza. Ikiwa ni haki ya wengine, ukimya wangu nawalipisha wao. Ile kauli ya "elimu imekupanda kichwani" ni yako, unaweza kuisamehe na kuiacha. Zile 2,040,000 ni za watu 34, huna mamlaka ya kuzisamehe kwa niaba yao.

Na wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukimya wako wa sasa nauona umejaa hasira. Nauhofia kuliko swali ulilouliza.

Unaweza pia kuhama kwaya, au hata usharika. Sikukatazi, wako waliohama wakapona. Ila ukiondoka kabla ya kuzungumza na mzee huyu, nadhani utamkuta usharika mwingine akiwa na jina jingine, maana wewe utakuwa umekwenda na jeraha lilelile na kicheko kilekile. Kulirudia swali mbele ya kikao, safari hii kwa hasira, kutawagawa wanakwaya makundi mawili, na risiti bado hazitaonekana. Ushauri wangu ni uende nyumbani kwake, jioni ya siku ya kazi, ukiwa na mtu mmoja anayeheshimika kwenu wote wawili ukiona kwenda peke yako ni kugumu. Mathayo 18:15 inataka kwanza muwe wawili, lakini kwa binti na mzee aliyekasirika, mama mmoja mwenye busara kuketi kando si kulivunja neno. Msalimie kama unavyomsalimia siku zote. Mwambie hukukusudia kumwita mwizi, na kama sauti yako kikaoni ilikuwa kali, umwombe radhi kwa hiyo sauti. Usimwombe radhi kwa swali. Halafu mwambie bado unaona ni vema risiti zisomwe, kwa kumlinda yeye mwenyewe, na kwamba uko tayari kumsaidia kuzipanga.

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Tanganyika, Kenya na Burundi ulikuwa na jambo moja ambalo naona tumelipoteza. Watu waliombana msamaha kwa pande zote. Wamisionari Wazungu waliungama kwa Waafrika kiburi na dharau zao, kwa wakati ambao jambo hilo halikuwaziwa. Waafrika nao wakaungama chuki zao kwao. Kutubu hakukuwa kazi ya mdogo kwa mkubwa tu. Basi ukienda, nenda ukijua kwamba mzee naye anaweza kukuomba msamaha, na jambo hilo likitokea lipokee upesi, usimwache alirefushe. Lisipotokea, usilidai. La kwako utakuwa umelifanya.

Akikataa risiti hata baada ya hapo, usibebe peke yako na usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Mpelekee mchungaji wa usharika, ana kwa ana, pamoja na wanakwaya wengine wawili au watatu. Fedha za kikundi chochote cha usharika ziko chini ya uangalizi wa baraza la wazee, na kuomba wakaguzi wa hesabu wa usharika wazipitie ni utaratibu wa kawaida. Wewe kwa kazi yako unajua kwamba ukaguzi humwondolea tuhuma mtu safi.

Kuna jambo la mwisho, nalo nalitilia uzito kuliko risiti. Hukusema hali hii ya kushtuka saa nane na kuyawaza maneno yale yale imeanza lini. Kama imepita wiki mbili tatu, au chakula kimepoteza ladha, au unajisikia huna thamani, nenda kituo cha afya uonane na daktari, na umwambie hata hili la kwaya. Si upungufu wa imani. Na kama unajikuta unauchunguza moyo wako mchana kutwa kutafuta kiburi, kila ukitubu unaona hujatubu sawasawa, mwone mchungaji au mshauri mwenye uzoefu mkae naye zaidi ya mara moja, maana barua haitoshi kwa hilo. Luther alipitia hali hiyo akiwa mtawa kijana. Alimchosha muungamishi wake, Johann von Staupitz, kwa maungamo marefu ya dhambi ndogo ndogo, na Staupitz akamwelekeza aache kujitazama, ayatazame majeraha ya Kristo. Kujichunguza kusikokoma nako ni nafsi iliyojipinda kujielekea, ingawa machozi yake ni ya kweli. Mwambie mshauri wako jambo hilo mapema, siku ile ya kwanza, asije akakupa zoezi jingine la kujichunguza.